Vipandikizi vya meno pale taya la juu limeisha mfupa: maswali ya wagonjwa wa Mbeya, Iringa na Njombe

Nimeambiwa "huna mfupa". Maana yake nini hasa?

Taya bado lipo. Kilichopungua ni mfupa wa mahali jino linapotakiwa kusimama: umekuwa mfupi au mwembamba kuliko skrubu ya kawaida inavyohitaji. Kipandikizi cha kawaida ni skrubu ya titani yenye kipenyo cha milimita 3.5 hadi 5 na urefu wa milimita 8 hadi 13. Kinataka kizungukwe na mfupa wa milimita 1 hadi 1.5 kila upande, ndiyo maana ukingo wa taya unatakiwa uwe na upana wa kama milimita 6 au 7. Mtu aliyekaa miaka mingi bila magego ya juu anaweza kubaki na urefu wa milimita 2 au 3 tu kabla ya kufika kwenye sainasi, yaani chumba cha hewa kilicho nyuma ya shavu, juu ya magego, kinachofungukia puani.

Kwa hiyo swali la kumrudishia daktari ni hili: "Zimebaki milimita ngapi, na wapi?" Akijibu bila skani, jibu hilo bado ni makisio.

Kwa nini taya la juu huisha namna hii?

Mfupa unaoshika meno huishi kwa kutumika. Jino likitoka, karibu nusu ya upana wa ukingo hupotea ndani ya mwaka mmoja, na sehemu kubwa ya upotevu huo hutokea miezi 3 ya mwanzo. Juu kuna mambo mawili yanayoongeza tatizo. Ukuta wa mfupa ulio upande wa mdomo na shavu ni mwembamba sana, huyeyuka kwanza, na taya linarudi nyuma. Ndipo mdomo wa juu unapobonyea na mtu anaonekana mzee kuliko umri wake. Halafu sainasi nayo hupanuka kushuka chini, ikila mfupa kwa juu huku ukingo ukiliwa kwa chini.

Mfupa wenyewe wa juu ni laini. Madaktari hupanga ugumu wa mfupa kwa madaraja manne, na nyuma ya taya la juu ndiko daraja la 4 linakopatikana zaidi, mfupa wenye vitundu kama sponji. Skrubu ileile inayokaza vizuri chini huweza kuzunguka bila kushika juu.

Juu nina meno ya bandia kamili, chini nimebaki na meno yangu ya mbele tu. Mbona ya juu yanacheza kila mwaka zaidi?

Meno yako ya chini ndiyo yanayofanya kazi hiyo. Kila unapotafuna, yanasukuma meno ya bandia juu na mbele, na mfupa wa mbele ya taya la juu unasagika hadi ufizi unabaki laini unaotikisika kama nyama tupu. Hali hii inajulikana vizuri kwenye fani. Kutengeneza meno mapya ya juu bila kuweka chochote chini, sehemu ya magego, hakutaisaidia kwa muda mrefu. Mpango wa vipandikizi vya juu usipogusa taya la chini, una kasoro tangu mwanzo.

Nifanye kipimo gani?

Skani ya CBCT, ile inayoonyesha taya kwa pande tatu. X-ray bapa ya mdomo mzima inafaa kuangalia kwa jumla, ila haionyeshi upana, na hukuza vitu bila kulingana sehemu zote. Pasipo CBCT, CT ya kawaida ya hospitali inaweza kutumika ikikatwa vipande vya milimita 1 au chini ya hapo. Mwambie mpiga picha achukue hadi juu ya mifupa ya vitefute, yaani mifupa ya mashavu iliyo chini ya macho, na sainasi zote mbili, maana skani iliyoishia kwenye fizi haitamsaidia anayepanga vipandikizi vya kitefute.

Omba mafaili yenyewe kwenye CD au flashi. Filamu iliyochapishwa haipimiki. Hapa ndipo watu wa Njombe na Sumbawanga wanapopoteza nauli: wanafika kwa daktari bingwa na karatasi mkononi, wanaambiwa wapige upya.

Daktari ataangalia pia kama utando wa sainasi umevimba, kama kuna mzizi wa jino uliosahaulika, na kama mlango wa sainasi kuelekea puani uko wazi. Sainasi iliyoziba hutibiwa kwanza.

Kuna njia zipi, na nani huchagua?

Milimita ndizo zinazochagua kwanza, mfuko na umbali vinafuata.

Ukiwa na urefu wa milimita 8 au zaidi na upana wa kutosha, unawekewa vipandikizi vya kawaida. Kati ya 5 na 8, kuna vipandikizi vifupi vya milimita 6 hivi, au sakafu ya sainasi huinuliwa kidogo kupitia tundu lilelile la kipandikizi. Chini ya 5, sainasi hufunguliwa kwa dirisha la pembeni na kujazwa mfupa. Mfupa wa nyuma ukiwa umeisha lakini wa mbele, kati ya chonge na chonge, bado upo, vipandikizi vinne vinaweza kutosha: viwili vimesimama wima mbele na viwili vya nyuma vimelazwa kwa nyuzi 30 hadi 45 ili vikwepe sainasi. Mbele na nyuma kote kukiwa kumeisha, inabaki mifupa ya vitefute.

Wengi husikia "kipandikizi" wakadhani ni tiba moja. Bei ya jirani yako aliyewekewa jino moja la chini haikuambii chochote kuhusu taya lako la juu.

Kuinua sakafu ya sainasi kunafanywaje?

Kwa ganzi ya kawaida, ukiwa macho, kwa saa moja hadi mbili. Ufizi hukatwa na kufunuliwa, dirisha dogo huchongwa kwenye ukuta wa pembeni, na utando wa ndani husukumwa juu taratibu kwa vijiko maalumu. Utando huo una unene wa kama milimita moja, wakati mwingine chini ya hapo. Nafasi inayopatikana chini yake hujazwa chembechembe za mfupa, dirisha hufunikwa, ufizi hushonwa.

Kuchanika kwa utando ndilo tatizo linalotokea zaidi wakati wa upasuaji. Tundu dogo huzibwa palepale na kazi ikaendelea. Tundu kubwa linamtaka daktari aache, ashone, asubiri miezi kadhaa. Daktari aliyeahirisha hakushindwa kazi. Anayejaza mfupa juu ya utando uliochanika vibaya anamwaga chembechembe ndani ya chumba cha hewa, na maambukizi yanafuata.

Mfupa uliojazwa husubiri miezi 6 hadi 9. Ukianza na milimita 4 au 5 zinazoshika vizuri, vipandikizi huweza kuwekwa siku hiyohiyo. Ukianza na 2, usikubali kuharakishwa.

Huo mfupa wa kujazia unatoka wapi? Ni wa ng'ombe au nguruwe?

Uliza, na uulize mapema, kwani watu wengi hugundua baada ya kushonwa. Mfupa wako mwenyewe huchukuliwa nyuma ya taya la chini, kidevuni, au kwenye nyonga ukihitajika mwingi. Ni jeraha la pili, na nyonga huuma kuliko mdomo. Chembechembe za dukani zinazotumika sana ni za mfupa wa ng'ombe uliosafishwa hadi kubaki madini tu. Zipo pia za kutengenezwa kiwandani, na za mfupa wa binadamu aliyefariki.

Cha kuangalia zaidi ni utando wa kolajeni unaofunika dirisha. Aina nyingi zinatokana na nguruwe. Wa ng'ombe upo, ila huenda ukahitaji kuagizwa. Muislamu, Mhindu au mtu yeyote mwenye sharti la chakula au imani aseme siku ya kupanga, na aone jina la kifaa limeandikwa kwenye mpango wake.

Vipandikizi vya kitefute ni nini?

Ni skrubu ndefu, milimita 30 hadi 50 na ushei, zinazoanzia kwenye ukingo wa taya sehemu ya magego, zikapita ndani au kando ya sainasi, na kung'ata kwenye mfupa mgumu wa kitefute. Njia hii ilianzishwa na Per-Ingvar Brånemark wa Uswidi, yuleyule aliyegundua kuwa mfupa hai hushikana na titani na aliyemwekea mgonjwa wa kwanza vipandikizi mwaka 1965. Kwa kawaida huwekwa kimoja kila upande pamoja na vya kawaida viwili au zaidi mbele. Mbele kukiwa hakuna kitu, huwekwa viwili kila upande.

Faida yake ni muda: hakuna kusubiri mfupa wa kujazia, na mara nyingi meno ya muda hufungwa ndani ya siku chache. Mapitio ya tafiti yanaonyesha zaidi ya 9 kati ya 10 hubaki mahali pake kwa miaka mingi.

Ila ncha ya skrubu hii inaishia karibu na tundu la jicho. Hatari zake ni sainasi inayorudia kuwaka, ganzi ya shavu au mdomo wa juu inayochukua miezi, tundu linalobaki wazi kati ya mdomo na sainasi, na, mara chache, jeraha la jicho. Kazi hufanywa kwa nusukaputi au dawa nzito ya kutuliza, na aifanye daktari bingwa wa upasuaji wa kinywa na taya aliyefundishwa njia hii. Usajili wa daktari huulizwa Baraza la Madaktari Tanganyika. Idadi ya alizokwisha kufanya muulize yeye mwenyewe. Anayezijua hesabu zake hakasiriki.

Ni kweli meno huwekwa siku hiyohiyo?

Meno ya muda, ndiyo, kwa masharti. Kipandikizi kinapokazwa kinapaswa kupinga kwa nguvu ya angalau Nyutoni sentimita 35 (kipimo cha nguvu ya kuzungusha skrubu), na meno yote yaunganishwe kuwa daraja moja gumu. Sababu ni hii: kipandikizi kikitikisika zaidi ya kama maikromita 150 (milimita 0.15) wakati mfupa unajenga, badala ya mfupa hukua nyama ya kovu, na skrubu haishiki tena kamwe. Kutikisika huko jicho halikuoni na ulimi hauusikii.

Basi meno ya siku ya kwanza ni ya plastiki, hayana magego ya mwisho, na ni ya kutafunia vitu laini tu. Ya kudumu huja baada ya miezi 4 hadi 6. Anayekuahidi meno ya kudumu asubuhi na jioni yake ule nyama choma, mwache na ahadi yake.

Nina kisukari. Nina VVU. Nameza dawa za mifupa. Naweza?

Kisukari: kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi mitatu hivi, kikiwa chini ya asilimia 7 endelea, kati ya 7 na 8 kwa uangalifu, juu ya 8 ahirisha hadi kishuke. Kipimo cha asubuhi cha kidole pekee hakitoshi.

VVU: anayetumia dawa vizuri na virusi vimefubazwa hazuiwi. Njoo na majibu ya karibuni ya kiwango cha virusi na CD4 (chembe za kinga), na utaje dawa zote, kwa kuwa tenofovir, mojawapo ya dawa za VVU, hupunguza uzito wa mifupa kiasi na daktari anapaswa kujua. Hili huulizwa kwa sauti ya chini, lakini kulificha ndiko kunakoleta madhara.

Dawa za mifupa ndizo hatari zaidi na ndizo zinazosahaulika. Aliyechomwa sindano za asidi ya zoledroniki kwa ajili ya saratani asifanyiwe upasuaji huu, kwa kuwa mfupa wa taya unaweza kufa na kubaki wazi. Anayemeza vidonge vya jamii hiyo kwa zaidi ya miaka 4 azungumze kwanza na daktari aliyempa. Aliyepigwa mionzi kichwani au shingoni, vivyo hivyo.

Sigara: acha angalau wiki moja kabla na wiki 8 baada. Ugoro na kuberi vinahesabika.

Nipange miezi gani?

Ukiweza, kama kazi inagusa sainasi, kwepa Juni na Julai. Baridi ya Makete, Njombe na Mbeya huja na mafua, na upasuaji wa sainasi haufanywi juu ya mafua. Vumbi la Septemba na Oktoba si zuri pia, ila barakoa inasaidia. Mafua yakikupata wiki moja kabla ya tarehe, piga simu uahirishe.

Nikifanyiwa Dar es Salaam, nirudi lini?

Ndege: subiri wiki 2. Basi: usiondoke kabla ya kuangaliwa mara ya kwanza, siku ya 5 hadi 7. Watu hudhani basi halina shida ya presha ya hewa. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ndani ya ndege huwekwa sawa na ya mwinuko usiozidi kama mita 2,400, kwa hiyo tofauti si kubwa, ila basi linapanda polepole. Pua ikiwa wazi, hewa ya sainasi hutoka na kuingia yenyewe. Pua ikiwa imeziba kwa damu au kamasi, presha inakaa juu ya mshono. Kushuka ni vilevile: anayetoka kutibiwa Mbeya kwenda Kyela anashuka zaidi ya mita 1,000 ndani ya saa chache.

Kwa wiki 2, usipenge kamasi, piga chafya mdomo ukiwa wazi, na usinywe soda kwa mrija pale mabasi yanaposimama kula. Kufyonza mrija kunavuta mshono. Matone ya kufungua pua yasizidi siku 5.

Nile nini?

Siku 2 za kwanza vya baridi au vuguvugu: uji wa lishe uliopoa, maziwa mgando, parachichi la Rungwe lililopondwa. Kisha hadi wiki 6 au 8: mtori, viazi vilivyopondwa, wali uliolainishwa na mchuzi, ndizi za kuchemsha, mayai, samaki wasio na miiba. Ugali laini unafaa mapema kuliko watu wanavyofikiri, kwa tonge dogo. Muhindi wa kuchoma, miwa, karanga, bisi na makande yasiyoiva viache hadi daktari aseme. Ulanzi na pombe nyingine uache wakati unameza dawa.

Anayevaa meno ya kuvua juu ya jeraha asiyavae hadi yapunguzwe na kuwekewa bitana laini. Meno yaliyokandamiza mshono yameharibu kazi nyingi zilizofanywa vizuri.

Nitajuaje kuna kitu kimeharibika?

Uvimbe hufika kilele siku ya 2 au ya 3, kisha hushuka. Damu kidogo puani siku za mwanzo ni kawaida. Rudi haraka ukiona: uvimbe unaongezeka baada ya siku ya 4, homa, usaha wenye ladha ya chumvi, harufu mbaya upande mmoja wa pua, au uji unaokunywa unatokea puani. Hilo la mwisho lina maana moja tu, kuna tundu kati ya mdomo na sainasi, na likizibwa mapema ni rahisi.

Baada ya miaka, adui ni uvimbe wa fizi kuzunguka kipandikizi. Hauumi, kwa kuwa kipandikizi hakina utando wenye mishipa ya fahamu kama mzizi wa jino. Dalili ya kwanza ni damu wakati wa kusafisha. Kikianza kucheza, kimeshapotea. Daraja likicheza lakini vipandikizi viko imara, huenda ni skrubu ndogo tu imelegea, na hiyo hukazwa kwa dakika kumi, mradi usisubiri hadi ikatike ndani.

Nisafisheje?

Chini ya daraja, kila siku, kwa uzi mnene wa meno unaopitishwa kama sindano na vibrashi vya katikati. Mswaki wa mti ni mzuri kwa meno ya kawaida lakini haufiki huko. Daktari alifungue na kulisafisha anapoona inafaa. Marejeo ni kila miezi 6.

Nitake karatasi gani kabla ya kuondoka?

Kadi ya kipandikizi. Iandikwe jina la kampuni, kipenyo, urefu, aina ya kiungio, namba ya toleo, tarehe, na jino lilipowekwa. Kila kampuni ina bisibisi na skrubu zake. Ukihamia Songea na daraja likalegea, daktari wa huko hawezi kukusaidia bila kujua afungue kwa kifaa kipi. Piga picha kadi hiyo na umwachie ndugu nakala.

Gharama inahesabiwaje?

Dai mchanganuo ulioandikwa: skani, vipandikizi kwa idadi, mfupa na utando wa kufunika, viunganishi, meno ya muda, meno ya kudumu, kazi ya maabara, dawa ya usingizi, marejeo. "Bei ya kipandikizi" mara nyingi ni skrubu peke yake bila jino. Bima yako iulize kwa maandishi kabla. Kisha ongeza safari: njia ya kujaza sainasi huchukua miezi 12 hadi 18 na safari 7 au zaidi, ya kitefute safari 4 au 5 pamoja na kulala karibu na hospitali.

Je, ni lazima daraja la kufunga moja kwa moja?

Hapana, na kwa anayeishi mbali na daktari tunaona meno ya kuvua yanayobanwa juu ya vipandikizi ni chaguo bora zaidi. Taya la juu linataka vipandikizi visivyopungua vinne kwa kazi hiyo, tofauti na chini ambako viwili hutosha. Unayatoa, unayaosha kwenye beseni, unaona fizi zako mwenyewe. Pia plastiki yake ya mbele hujaza mdomo uliobonyea, kitu ambacho daraja jembamba haliwezi.

Na kama siwezi upasuaji kabisa?

Meno kamili ya kuvua yaliyotengenezwa vizuri bado yanatafuna ugali na maharage. Yapimwe kwa chano (kifaa cha kuchukulia umbo la fizi) kilichotengenezewa mdomo wako, ukingo wa nyuma ufike mahali kaakaa gumu linapokutana na laini, na magego ya chini yarudishwe. Yavue usiku, yaweke kwenye maji. Yakaguliwe kila mwaka, na yakianza kucheza yawekewe bitana mpya badala ya kuongezewa gundi, kwa kuwa meno yanayocheza ndiyo yanayoendelea kula milimita zilizobaki.